Mashine za Kukusanya Oda Ghalani: Juba Ianzie Wapi?

Kuingiza mzigo ghalani ni kazi nyepesi kuliko kuutoa. Lori likifika Juba, Sudan Kusini, kutoka Mombasa na magunia 600 ya mtama, kila gunia kilo 50, makuli wanahitaji kujua jambo moja tu: rundo lipangwe wapi. Shida huanza siku zahanati moja ya jimbo la Jonglei inapoagiza katoni 12 za lishe tiba, turubai 40, maboksi mawili ya glavu, dawa za malaria za aina tatu na mizani ya kupimia watoto. Hapo mtu huingia ghalani na karatasi mkononi. Anazunguka, anatafuta, anasogeza vilivyo mbele ili afikie vya nyuma, anahesabu, anaangalia tarehe ya mwisho wa matumizi, anabeba hadi mlangoni, kisha anarudi kufuata kitu kingine.

Kazi hiyo, kukusanya oda, ndiyo inayokula fedha. Wahandisi wa maghala huikadiria kuwa zaidi ya nusu ya gharama za kuendesha ghala. Ukipima muda wa mkusanyaji mmoja, karibu nusu huishia miguuni, sehemu ya tano huishia kwenye kutafuta, na kuokota kitu chenyewe huchukua asilimia 15 hivi. Makadirio hayo yalifanywa katika nchi zenye maghala ya zege, taa za kutosha na rafu zenye namba. Kwa ghala la hema lililojaa marundo, naamini sehemu ya kutafuta ni kubwa zaidi.

Mashine zote za kukusanya oda zilibuniwa ili kupunguza matembezi hayo. Baadhi humpeleka mtu hadi kwenye mzigo, na nyingine huuleta mzigo hadi alipo mtu.

Ile ya kumpeleka mtu, ukiitazama kwa mbali, utadhani ni foklifti. Lakini kwenye foklifti dereva hubaki chini na uma ndio unaopanda, wakati kwenye mashine ya kukusanya oda jukwaa analosimama mwendeshaji hupanda pamoja na uma. Mota ya umeme huzungusha pampu, pampu husukuma mafuta kwenye silinda, silinda hunyanyua mlingoti na minyororo huvuta jukwaa. Mwendeshaji amevaa mkanda wa usalama uliofungwa kwenye mashine, na paleti tupu iko pamoja naye. Anapanda hadi rafu ya tatu na kuchukua katoni mbili, anashuka rafu ya kwanza na kuongeza boksi, anasogea hatua kumi mbele na kupanda tena. Akitoka kwenye njia ya rafu, oda nzima iko juu ya paleti. Zipo ndogo zisizopanda kabisa, zinazokimbia sakafuni na paleti moja au mbili, na zipo kubwa zinazofika mita 10 na zaidi.

Kinachozizuia hizo kubwa kuanguka ni sakafu. Chukua mashine ambayo magurudumu yake yameachana mita moja. Upande mmoja wa sakafu ukiwa juu kwa sentimita 1 tu, jukwaa lililo mita 10 juu huinama pembeni kwa sentimita 10. Ndiyo maana kompyuta ya mashine hupunguza mwendo kadiri jukwaa linavyopanda, na ndiyo maana wajenzi wa maghala hayo husawazisha zege kwa vipimo vya milimita.

Zile za kuleta mzigo kwa mtu ndizo zinazojulikana zaidi magazetini. Mwaka 2012 Amazon iliinunua kampuni ya Kiva Systems kwa dola milioni 775, kwa sababu ya roboti bapa zinazoingia chini ya rafu, kuinyanyua nzima na kuipeleka alipo mfanyakazi. AutoStore ya Norwei hupanga vikasha vya plastiki kimoja juu ya kingine, na roboti hutembea juu yake zikivua kikasha kinachohitajika. Kwingine ni kreni zinazoteleza kwenye reli kati ya rafu ndefu. Zaidi ya mashine hizo za kunyanyua kuna vifaa vya kujua kitu kilipo: skana ya kusoma msimbopau, taa inayowaka kwenye rafu husika, au sauti masikioni inayomwambia mkusanyaji aende rafu ipi na achukue vingapi. Hivi vya mwisho havinyanyui hata gramu moja, lakini kwa mji kama Juba ndivyo vyenye faida ya haraka zaidi. Nitavirudia.

Juba ni mji unaoishi kwa barabara. Bidhaa nyingi hushushwa Mombasa, hukatiza Kenya na Uganda, huvuka mpaka wa Elegu na Nimule, kisha hufuata kilomita 192 za lami hadi Juba, barabara iliyofunguliwa mwaka 2012 kwa fedha za Marekani. Daraja la Freedom, lililojengwa kwa msaada wa Japani na kufunguliwa Mei 2022, limeongeza njia ya kuvuka Nile Nyeupe. Baada ya Juba lami huwa chache. Mvua zikianza, sehemu kubwa ya nchi haifikiki kwa lori, kwa hiyo mashirika ya misaada hukimbizana na kiangazi kupeleka akiba Bentiu, Malakal, Pibor na kwingineko kabla matope hayajafunga njia. Oda za miezi mingi husongamana ndani ya miezi michache. Ghala la Juba halina mwendo sawa mwaka mzima, na mashine inayonunuliwa kwa ajili ya msimu wa pilika italala msimu mwingine.

Tena oda za Juba si za aina moja. Chakula cha Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, WFP, hutoka kwa maelfu ya tani, bidhaa moja kwa lori zima au jahazi zima la mtoni. Mtama hauhitaji mtu wa kupandishwa mita 10 kutafuta gunia moja, kwa kuwa rundo zima linaondoka. Mashine za kukusanya oda zinafaa pale penye aina nyingi za vitu na kiasi kidogo cha kila kimoja: dawa, vipuri vya magari na jenereta, vifaa vya maabara, vitabu vya shule, bidhaa za rejareja. Anayeuliza kama Juba inahitaji mashine hizi aseme kwanza anazungumzia ghala gani.

Kwenye maduka ya jumla ya Konyo Konyo, soko kubwa ambalo Kiarabu cha Juba husikika pamoja na Kiswahili, Kiganda na Kiacholi, mkusanyaji ni kijana anayeijua stoo kwa kichwa. Mteja akitaja sabuni, mafuta ya kupikia na biskuti, kijana huyo huingia gizani na kutoka navyo bila kusoma popote. Stoo ya chumba kimoja haihitaji zaidi ya hapo, na kasi yake ni ya kuheshimiwa. Udhaifu hujitokeza siku kijana akiugua, au biashara ikipata stoo ya pili, kwa maana ramani yote imo kichwani mwake na hakuna wa kumrithi.

Kwenye dawa, kumbukumbu ya mtu mmoja ni hatari. Wizara ya Afya ina bohari yake kuu ya dawa mjini Juba, na mashirika ya afya yana stoo zao. Dawa ina jina, nguvu, namba ya toleo na tarehe ya mwisho, na kanuni ni kwamba inayokaribia kuisha muda itoke kwanza. Mkusanyaji akichukua katoni iliyo karibu badala ya iliyotangulia kuisha muda, hakuna atakayegundua siku hiyo. Atagundua mhudumu wa zahanati miezi baadaye, akiwa na sanduku lisilofaa kutumika na barabara imefungwa kwa mvua. Kosa ambalo Nairobi husahihishwa kwa pikipiki kabla ya jioni, huku linaweza kusubiri helikopta.

Kwa miaka mingi Sudan Kusini imelikwepa tatizo hili kwa vifurushi. Wazo lenyewe lilikomaa miaka ya 1980 ndani ya shirika la kitabibu la Médecins Sans Frontières, ambako mfamasia Jacques Pinel alisisitiza kwamba dawa na vifaa vya dharura vipangwe kabisa kabla ya dharura kutokea, kwenye masanduku yenye orodha moja isiyobadilika. Shirika la Afya Duniani nalo likaweka kifurushi cha pamoja cha mashirika, kinachokusudiwa kuhudumia watu 10,000 kwa miezi mitatu. Ukikiangalia kwa jicho la mtu wa ghala, kifurushi ni oda iliyokusanywa mapema, mahali penye utulivu, na watu wasio na haraka. Juba hubaki na kazi rahisi ya kutoa sanduku namba fulani na kulipakia.

Mahali penye utulivu, mara nyingi, ni Copenhagen. Ghala la UNICEF katika bandari ya mji huo lina ukubwa wa viwanja vitatu vya mpira na nafasi za paleti 36,000, na ndani yake kreni za kujiendesha huchomoa paleti kutoka kwenye rafu ndefu na kuzileta kwa watu wanaofunga vifurushi. Vifurushi vinavyofungwa pale husambazwa kwenye dharura duniani kote, Sudan Kusini ikiwemo. Kwa maana hiyo Juba tayari inazitumia mashine za kukusanya oda, ila mashine zenyewe ziko Denmark.

Mpango huu wa vifurushi umeokoa maisha mengi na nisingependa uondolewe wakati wa dharura. Lakini una gharama mbili ambazo hazizungumzwi vya kutosha. Kwanza, kifurushi hakijui zahanati inakosa nini. Kituo kilichoishiwa dawa ya malaria pekee hupokea sanduku zima, hutumia kilichopungua na kubaki na shehena ya visivyohitajika, ambavyo huisha muda rafuni. Pili, kila kifurushi kinachofungwa mbali ni siku nyingine ambayo watunza ghala wa Juba hawajifunzi kukusanya. Tanzania iliunda Bohari ya Dawa kwa sheria ya mwaka 1993, na leo bohari hiyo hupeleka dawa hadi vituoni kulingana na maombi ya kila kituo. Ina malalamiko yake, na wagonjwa wa Tanzania wanayajua. Hata hivyo, ujuzi wa kusoma oda ya kituo kimoja na kuikusanya sawasawa umeota mizizi ndani ya nchi. Sudan Kusini itaufikia kwa kuanza kuufanya.

Je, iufanye kwa mashine gani? Umeme ndio unaotajwa kwanza kuwa kikwazo, nami naona unasingiziwa. Ni kweli nchi hii ina moja ya viwango vya chini zaidi duniani vya watu wenye umeme. Mtambo wa Ezra wa megawati 33 uliozinduliwa Juba Novemba 2019 ulikuwa hatua kubwa, lakini jenereta hazijanyamaza. Sasa tuitazame betri ya mashine ya kawaida: volti 24 na saa-ampea 600. Zidisha, utapata kilowati-saa 14 na ushee kwa kuijaza kutoka tupu. Ukiongeza upotevu, paneli za jua za kilowati tano au sita, chini ya jua la Juba la kiangazi, zinatosha kuijaza kwa siku. Ofisi nyingi za mashirika zina mitambo mikubwa kuliko hiyo kwa ajili ya viyoyozi na kompyuta.

Joto ndilo adui wa betri. Betri za madini ya risasi hupoteza karibu nusu ya maisha yake kwa kila nyuzi 10 zinazozidi 25 za kawaida, na Juba mwezi Februari na Machi hupita 38 bila kuomba ruhusa. Machi 2024 serikali ilifunga shule nchini kote kwa sababu ya joto. Betri za lithiamu hustahimili zaidi, ingawa bei yake iko juu.

Kikwazo halisi kiko chini ya magurudumu. Sehemu kubwa ya akiba ya misaada hukaa kwenye maghala ya hema, yenye mita 10 kwa 24 au 10 kwa 32, yaliyosimamishwa juu ya moramu iliyoshindiliwa. Ni majengo mazuri kwa kazi yake: hufungashwa, husafirishwa, husimamishwa kwa siku chache. Lakini magurudumu madogo ya mashine ya kukusanya oda hayatembei juu ya moramu, na mlingoti wake hauwezi kupanda salama juu yake. Hata toroli la paleti, lile la mkono linalonyanyua tani mbili sentimita chache kutoka chini, hugoma kwenye kokoto. Foklifti ya dizeli yenye matairi makubwa huhimili, na ndiyo maana imetawala. Ila yenyewe imeumbwa kubeba paleti nzima, haikuumbwa kumzungusha mtu akichagua boksi moja moja.

Tena kuna paleti. Magunia na katoni husafiri kutoka bandarini bila paleti ili lori libebe zaidi, kwa hiyo hufika Juba yakiwa mzigo huru, kila kimoja cha kushikwa kwa mikono. Mashine haina pa kushika. Paleti ya mbao ikipatikana, bei ya kuni na mkaa mjini huifanya iwe kishawishi. Usidharau jambo hili: ghala lisilo na paleti za kutosha, za kipimo kimoja, halijafika mahali pa kuzungumzia mashine yoyote ya kukusanya oda.

Fundi na kipuri vina hadithi yake. Injini ya dizeli, fundi wa malori wa Juba ataifungua na kuifunga. Bodi ya kielektroniki inayosimamia mwendo na mwinuko wa jukwaa inahitaji kompyuta ya mtengenezaji, na mtu mwenye kompyuta hiyo kwa kawaida yuko Nairobi au Kampala. Kipuri chenyewe hulipwa kwa dola. Kiwanda cha bia cha South Sudan Beverages, kilichokuwa mali ya SABMiller, kilifunguliwa Juba mwaka 2009 kikiwa mojawapo ya viwanda vya kisasa zaidi nchini, na mwaka 2016 kikasimamisha uzalishaji kwa kukosa fedha za kigeni za kununulia malighafi. Mitambo ilikuwepo na wafanyakazi walikuwepo. Mwekezaji wa ghala la mashine afikirie kwanza dola za mwaka wa tatu, zile za kununua bodi na betri, kabla hajafurahia dola za kununua mashine.

Na kuna usalama. Julai 2016, vita vilipozuka tena Juba, ghala kuu la WFP mjini liliporwa. Zaidi ya tani 4,500 za chakula zilichukuliwa, kiasi cha kulisha watu 220,000 kwa mwezi mzima, pamoja na malori, jenereta na kompyuta. Tangu hapo, mtu anayepanga ghala Juba hujiuliza swali ambalo mwenzake wa Tatu City, kule nje ya Nairobi penye maghala mapya ya kukodisha, halimsumbui usiku: nikilazimika kuondoka kesho, ni kitu gani nitakiacha? Jibu hilo humsukuma kwenye vifaa vyepesi na vya bei ndogo, na simlaumu.

Tumzungumzie sasa mchukuzi, maana kila mashine inagusa mgongo wake na mfuko wake. Gunia la kilo 50 liko chini kidogo ya kilo 55, kipimo ambacho pendekezo la Shirika la Kazi Duniani la mwaka 1967 lilikiweka kuwa cha juu kabisa kwa mwanamume mzima. Taasisi ya Marekani ya usalama kazini hutumia kilo 23 kama kikomo, tena katika mazingira mazuri. Lori la magunia 600 ni safari 600 za namna hiyo, ndani ya hema, kwenye joto linalofunga shule. Sikubaliani na wanaosema kwamba kuwapunguzia makuli uzito ni kuwanyang'anya kazi. Lakini wakilipwa kwa tani na toroli likiwafanya wanne wafanye kazi ya wanane, wale wanne walioachwa ni baba wa familia, na mpango wowote wa ghala usiowataja haujakamilika.

Mashine pia huweza kuumiza kwa njia nyingine. Mwaka 2020 waandishi wa Reveal nchini Marekani walichapisha kumbukumbu za ndani za Amazon zilizoonyesha kwamba majeraha makubwa yalikuwa mengi zaidi kwenye maghala yenye roboti. Mfanyakazi hakuwa akitembea tena, ila malengo yalipanda kutoka vitu 100 hivi kwa saa hadi 400. Roboti zilipunguza hatua na mabosi wakazijaza nafasi kwa haraka. Juba ina nafasi ya kuandika sheria zake kabla ya mashine kufika.

Nilisema nitarudi kwenye vifaa vya kujua kitu kilipo. Kama nusu ya muda ni kutembea na sehemu ya tano ni kutafuta, basi sehemu kubwa ya faida ya mashine kubwa inapatikana kwa kupanga upya. Bidhaa zinazotoka kila siku zisogezwe karibu na mlango. Kila njia ipewe herufi na kila nafasi namba, iandikwe kwa rangi inayoonekana. Kila rundo liwe na kadi yake inayojazwa papo hapo kitu kinapotoka, pasiwe na kungoja jioni. Liachwe pengo la mita moja kutoka ukutani ili mtu apite na kuhesabu. Orodha ya oda ichapishwe kwa mpangilio wa njia za ghala, ili mkusanyaji apite mara moja na asirudi alikotoka. Simu ya kawaida yenye kamera husoma msimbopau, na zahanati mbili zikienda njia moja, oda zake hukusanywa kwa pamoja. Hakuna kati ya haya kinachohitaji kontena kutoka Ulaya.

Na watu wapo. Vijana wengi wa Kenya na Uganda wamefanya kazi kwenye maghala ya Dubai na Doha, wakaendesha mashine hizi na kusoma skana. Wasudani Kusini waliokulia kambi za Kakuma na kaskazini mwa Uganda wamerudi na elimu na Kiswahili. Juba inaweza kuwapata wakufunzi wake ndani ya Afrika Mashariki, jumuiya ambayo nchi hii ilijiunga nayo mwaka 2016.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Mashine ya kupandisha mtu ina nafasi moja Juba kwa sasa, nayo ni bohari ya dawa yenye paa la kudumu, zege lililosawazishwa, rafu za mita nne au tano na paneli za jua. Hapo ije moja, ya kimo cha kati, pamoja na betri ya akiba na mkataba wa matengenezo uliolipiwa miaka mitatu mbele. Kwingine kote, wafadhili na wenye maghala, fedha mliyotenga kwa mashine imwageni sakafuni kwanza. Nunueni zege, paleti za kipimo kimoja, matoroli na rangi ya kuandikia namba. Wapeni watunza ghala mikataba ya kudumu, na wale makuli wanaojua kusoma wafundisheni kujaza kadi na kusoma oda kabla kiangazi kijacho hakijafungua barabara.